Shamba Lililoombewa Kuachiwa Huru

Kijiwe chetu kiko Ilembo, pale barabara ya vumbi inapoachana na njia ya mashineni, na benchi lake ni ubao wa mninga uliolazwa juu ya mataruma ya reli ambayo hakuna anayekumbuka, au anayekubali kukumbuka, yalifikaje hapo. Upande mmoja ni mashine ya kukoboa mpunga, inayotupulizia pumba machoni kila upepo ukigeuka. Upande mwingine niko mimi, fundi baiskeli, na pampu yangu na beseni la maji ya kutafutia pancha. Katikati ni Mama Hilaria na birika lake la kahawa, jiko la mkaa na sinia la kashata. Kijiwe kina sheria moja tu, naye ndiye aliyeitunga: mwenye kikombe kitupu haruhusiwi kuongea. Alidhani itapunguza maneno. Imeongeza kahawa, maneno yako palepale. Hapa tumeshaamua kesi za mpira, za ndoa za watu na za mipaka ya nchi jirani, na haijawahi kutokea hata siku moja tukasema jambo fulani linatuzidi.

Asubuhi hiyo wingu lilikuwa limeshuka karibu na mabati, na watu wenye akili walikuwa wanapita na majembe kuelekea bondeni. Sisi tulikuwa na kazi nyingine. Wi-Fi alikuwa ametuletea habari ya mahakamani.

Wi-Fi alibatizwa Yotham. Ni dereva wa bodaboda, na habari humfikia kabla jambo lenyewe halijatokea. Jana yake alimpeleka abiria mahakamani, siku ambayo Jaji wa Mahakama Kuu alikuwa amekuja Mpanda kwa kikao, akaona ndani kuna feni, akaingia kupumzika. Kumbe inayosikilizwa ni rufaa ya Zablon.

Zablon tunamjua wote, ni wa hapahapa. Alifungwa baada ya kukutwa na nyama ya pofu, yule mnyama mkubwa wa porini mwenye pembe, jikoni, na sufuria ikaenda mahakamani kuwa kielelezo. Akiwa ndani, baba yao akafariki, na kaka yake wa mama mwingine, Hezron, akateuliwa na mahakama ya mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Hezron akakusanya mali ya marehemu, na humo akaingiza shamba la mpunga la bondeni, ambalo Zablon anasema baba alimkabidhi siku alipooa, ukoo mzima ukiwa umekaa mkekani. Zablon akapinga, akaletwa mahakamani chini ya ulinzi na nguo zake za rangi ya chungwa, akajieleza, akashindwa, akakata rufaa. Muda wote huo shamba analilima mkewe, Specioza, na ndilo linalolisha watoto. Msimu huu Hezron alimtumia ujumbe kwamba asiguse jaruba hata moja mpaka rufaa iishe. Rufaa ndiyo hiyo imeisha, mvua ndiyo hiyo imefika, na Ilembo nzima ilitaka kujua shamba limeangukia kwa nani.

Wi-Fi: Oya wazee, rufaa ya Zablon imetupiliwa mbali.

Jaji: Nilisema mimi.

Huyu Jaji wetu ni Mzee Telesfori. Zamani alikuwa mzee wa baraza, wale wanaokaa pembeni ya hakimu wa mahakama ya mwanzo na kutoa maoni. Wanaomkumbuka wanasema maoni yake yalikuwa "nakubaliana na mwenzangu," na aliyatoa kila alipoamshwa. Kuhusu rufaa ya Zablon alikuwa amesema itashinda mchana kweupe, alilisema Jumapili akiwa amekaa palepale alipokaa sasa, lakini heshima ni kitu cha bure na sisi tukampa.

Padre: Kwa hiyo Hezron kashinda.

Wi-Fi: Hapana. Jaji wa kikao hajasema Hezron kashinda.

Padre: Basi Zablon kashinda.

Wi-Fi: Atashindaje na rufaa imetupwa, Padre? Jaji kasema mahakama haina mamlaka.

Jaji: Mahakama ipi hiyo isiyo na mamlaka?

Wi-Fi: Mahakama Kuu.

Hata Mama Hilaria aliacha kupepea jiko. Kama Kuu haina, ile ndogo itakuwa na nini?

Padre ni Kalisti, mtu wa Karema kule ziwani. Alisomea upadri mpaka upadri ukamshinda, au yeye akaushinda, inategemea anasimulia nani, na sasa anauza dawa za mifugo. Alikuwa wa kwanza kutaka kusema, lakini kikombe chake kilikuwa kitupu, akalazimika kungoja kimiminwe, na Jaji akamwahi.

Jaji: Mnajua jaji alitokea wapi?

Wi-Fi: Sumbawanga, mzee. Na gari la heshima.

Jaji: Ahaa. Na kutoka Sumbawanga kuja huku unapita wapi?

Wi-Fi: Unapita hifadhini, unatokea Sitalike.

Jaji: Ndipo hapo. Mle hifadhini mwenye mamlaka ni nani? Ni watu wa hifadhi. Hata ukiwa na haja ndogo huruhusiwi kushuka. Sasa mtu mwenye mamlaka yake akiingia kwenye mamlaka ya mwenzake, ya kwake inakuwaje? Inakaa chini. Akitoka upande wa huku asipoikumbuka, imebaki kule kwa viboko.

Wi-Fi: Mzee, kwani mamlaka ni begi?

Jaji: We kijana, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Padre akamuuliza tezi ni nini. Jaji akasema ni ule ugonjwa wa wazee, na omo kila mtu anaijua, ni sabuni, na kama mtu haoni uhusiano hapo asiilaumu methali. Bahari, ambako tezi na omo ni nyuma na mbele ya chombo, iko mbali sana na Mpanda, kwa hiyo methali ilipita bila kupingwa.

Padre sasa alikuwa na kahawa. Akaeleza kwamba suala la mamlaka yeye alilisoma, tena kwa Kilatini. Padri wa jimbo moja akienda jimbo lingine haketi tu kwenye kiti cha kitubio na kuanza kuondolea watu dhambi. Anaomba ruhusa kwa askofu wa pale. Asipoomba, mwenye dhambi anarudi nazo nyumbani, tena amechoka. Na hii ni kesi ya mirathi. Mali ni ya marehemu. Askofu wa mali ya marehemu ni nani?

Wi-Fi: Nani?

Padre: Marehemu mwenyewe.

Jaji: Endelea.

Padre: Kwa hiyo Zablon rufaa yake angeipeleka kwa marehemu. Yeye ndiye aliyetoa shamba, yeye ndiye anajua kampa nani. Jaji wa kikao kaliona hilo, akanawa mikono.

Jaji: Na marehemu ataitwaje shaurini?

Padre: Hiyo ni kazi ya Hezron. Yeye ndiye msimamizi wake.

Wi-Fi akatikisa kichwa, akasema wazee wanaishi zama za kale. Mahakama siku hizi ni mtandao mtupu. Kesi inafunguliwa kwenye kompyuta, inaitwa kwenye kompyuta, hata wakili anaweza kuongea akiwa kwake na shati juu na pensi chini. Kwa maoni yake, mamlaka ni kama bando. Jaji kaja kwenye kikao, kasikiliza kesi za mauaji wiki nzima, zile zinakula bando kinoma. Ilipofika zamu ya Zablon limekwisha, skrini inazunguka tu. Mtu mzima hawezi kusema mbele za watu kwamba bando limekata, anasema hana mamlaka.

Mimi nilikuwa nazamisha tyubu majini kutafuta tundu, na niseme ukweli, maneno yao yalikuwa yananikera na kunifurahisha kwa pamoja. Nikamuuliza Wi-Fi kama jaji hakusema kitu kingine. Akasema, ndiyo, alisema. Alisema kuna ngazi: rufaa ya kesi iliyoamuliwa mahakama ya mwanzo inaanzia Mahakama ya Wilaya, haiwezi kuruka moja kwa moja mpaka Kuu. Kijiwe kiliipokea taarifa hiyo kama mgeni aliyeingia sufuria ikiwa imeshapanguswa. Jaji alisema ngazi ni za watu wenye haraka. Padre akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hakueleza mkuu ni nani wala guu la nani.

Nikauliza tena: sasa kwa nini Zablon aliruka ngazi, na gerezani kuna watu wamejaa wanaojua rufaa kama baba yetu uliye mbinguni?

Wi-Fi: Fundi, hapo ndipo penye utamu. Aliyemwandikia ni Profesa.

Habari za Profesa zimefika mjini na watu waliotoka. Ni mfungwa wa siku nyingi mwenye mwandiko mzuri, na kule ndani kila anayekata rufaa anampelekea yeye. Mwenye kesi ya wizi, mwenye nyara za serikali, aliyemkata mwenzake panga kilabuni, wote wameandikiwa na Profesa. Kwa kuwa rufaa zao zote ni za jinai na nyingi zinakwenda Kuu, amezoea kuandika Kuu. Mkono wake haujui njia nyingine. Alipopelekewa kesi ya shamba hakubabaika hata kidogo. Aliiandika kama anavyoandika zote, akabadilisha majina.

Wi-Fi akasimama, akashika kikombe kwa mkono mmoja na mwingine akauweka mgongoni, akatusomea rufaa kama alivyoisikia feni ikiwa inampepea.

Wi-Fi: Sababu ya kwanza. Kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka.

Padre: Kosa gani?

Wi-Fi: Hakuna kosa, Padre, ni mirathi. Sababu ya pili. Kwamba utambuzi wa shamba ulifanyika katika mazingira ya giza, na shahidi hakueleza chanzo cha mwanga wala ukubwa wake.

Jaji: Hiyo ni hoja nzito.

Wi-Fi: Sababu ya tatu. Kwamba halikufanyika gwaride la utambulisho.

Mama Hilaria alicheka mpaka akashika sinia la kashata lisimwagike. Alituuliza kama tunaona yale mashamba yamepangwa mstari, na shahidi anapita anagusa moja begani. Wi-Fi akasema hata karani wa mahakama alificha uso nyuma ya jalada, na askari aliyemleta Zablon akaangalia dari muda mrefu.

Wi-Fi: Na mwisho kabisa: kwa sababu hizo, mrufani anaiomba mahakama yako tukufu itengue hatia, ifute adhabu, na kuliachia shamba huru.

Niliwaangalia wenzangu. Kila mmoja midomo ilikuwa inamcheza. Jaji ndiye pekee ambaye uso wake ulibaki wa kazi, na hapo nikajua tumekwisha.

Wi-Fi alitusimulia pia alivyokuwa jaji mwenyewe wa kikao. Hakucheka. Alimuuliza Zablon nani kamwandikia, Zablon akajibu, "Ni sisi wenyewe, Mheshimiwa." Jaji akamweleza kwa upole kwamba amesoma malalamiko yake, lakini hayako mahali pake, na mahakama hii haina mamlaka ya kuyasikiliza. Zablon akasema asante. Kisha Hezron, aliyekuja na koti la harusi katika joto lile, akanyoosha kidole kuuliza kama yeye kashinda. Akaambiwa aketi, kesi imekwisha. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za mahakama, akalivua koti na kulikunja mapajani. Hakujua ashangilie au anune.

Ningependa kusema kijiwe kilimhurumia Zablon hapo. Kidogo kilimhurumia. Lakini Jaji alikuwa ameshaongezewa kahawa.

Jaji: Sasa nimeelewa kila kitu. Shamba lilikuwa limefungwa.

Padre: Limefungwa wapi, mzee?

Jaji: Palepale bondeni. Nyie hamjasikia kifungo cha nje? Mtu anatumikia akiwa kwake. Shamba lina kifungo cha nje. Huwezi kuomba kitu kiachiwe huru kama hakijafungwa. Profesa si mjinga.

Wi-Fi: Na kosa lake?

Jaji: Kushirikiana na Zablon. Yule pofu alitoka wapi? Porini. Akaja kufanya nini? Kula mpunga. Akauliwa wapi? Pembezoni mwa jaruba. Shamba ndilo lililomvuta mnyama wa serikali. Bila shamba hakuna pofu, bila pofu hakuna sufuria.

Padre: Ngoja, mzee. Kama ni hivyo, pofu naye ni marehemu.

Jaji: Ni marehemu.

Padre: Na marehemu ana mirathi.

Jaji: Hawezi kukosa.

Padre: Na kala mpunga wa shamba lile, kaacha na jasho lake pale. Kwa hiyo ana haki kidogo kwenye shamba. Warithi wake wako wapi?

Wi-Fi: Wako hifadhini, wanatafuna majani.

Jaji alipiga goti lake kwa kiganja. Si mara nyingi unaona mtu mzima anathibitishwa na mwenzake kwa hesabu iliyonyooka namna hiyo. Warithi wa pofu wako hifadhini, hifadhini mwenye mamlaka ni watu wa hifadhi, kwa hiyo jaji wa Mahakama Kuu hakuwa na mamlaka, na yeye Telesfori alisema hivyo tangu mwanzo, akiwa na kikombe chake cha kwanza. Wi-Fi akasema basi kesi ikasikilizwe Sitalike, kiboko awe karani, na anayechelewa shaurini aliwe. Padre akapendekeza shamba liingizwe kwenye msamaha wa sikukuu ya Uhuru pamoja na wafungwa wazee na wagonjwa, litoke getini na kifurushi chake, likapokewe na ndugu. Jaji akakataa. Alisema msamaha ni kwa wenye tabia njema, na shamba lile lina magugu.

Wi-Fi: Kwa hiyo mpunga ulioko mle ni mahabusu.

Jaji: Ni mahabusu, ndiyo. Umezaliwa ndani.

Wi-Fi: Basi Specioza akivuna, anatorosha mahabusu.

Hapo tulicheka. Sitajitoa, na mimi nilicheka, tyubu mkononi, maji yananichuruzika mpaka kiwikoni. Padre alijifuta machozi kwa kona ya koti lake. Kicheko kilianza kupungua upande wa Mama Hilaria, kikaja kinapungua kwa kila mmoja kadiri alivyogeuza shingo, na mwisho akabaki Wi-Fi peke yake, kwa sababu alikuwa ameipa barabara mgongo.

Specioza alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa ametoka bondeni, tope limemfika juu ya vifundo, kanga imefungwa kiunoni kikazi. Kama alisikia la mahabusu, uso wake haukusema.

Specioza: Shikamooni, wazee wangu.

Tulimwitikia wote kwa pamoja kama wanakwaya, hata Wi-Fi, ambaye ni mdogo kwake. Tulimpa pole ya mumewe. Tukampa pole ya mvua, ya njia na ya tope. Tulipomaliza pole zote tulizokuwa nazo, Mama Hilaria akamimina kikombe, akampa mkononi, na akatuangalia sisi, maana kwa sheria yake sasa mgeni alikuwa na haki ya kuongea kuliko sisi sote.

Alimwendea Mzee Telesfori. Alisema jana, baada ya kesi, alikwenda gerezani kumwona mumewe, akafika amechelewa kidogo, wakaruhusiwa kuongea kwa muda mfupi. Pale getini askari mmoja mwenye huruma akamwambia kwamba huko kwao Ilembo kuna mzee aliyekuwa anakaa na mahakimu, na vijiweni kuna watu wanaojua mambo, akaulize. Zablon mwenyewe yuko salama. Ameambiwa aanzie wilayani na aombe kuongezewa muda wa kukata rufaa, na Profesa ameshaanza kuandika. Aliyasema hayo yote kwa utulivu, bila kumlaumu mtu.

Jaji alikohoa, akajiweka sawa kwenye ubao.

Jaji: Umefanya vizuri kuja, mwanangu. Suala la mamlaka ni pana. Ukianzia pale Sitalike…

Specioza: Ya mahakama nimeyaelewa, baba. Watapanda ngazi, ni sawa, tutangoja. Mi nauliza ya leo. Miche yangu imefika kimo. Ikikaa kitaluni siku nyingine itakomaa, hata ukiihamisha haishiki. Mvua ndo hiyo mnaiona. Shemeji alisema nisiguse shamba mpaka rufaa iishe. Rufaa imeisha na hawajasema la nani. Sasa mi nipande, nisipande?

Niseme tu kwamba lilikuwa swali fupi. Mtoto wa darasa la kwanza angelielewa.

Jaji: Hilo… hilo naona ni la kilimo zaidi. Padre hapa ndiye anayezunguka mashambani.

Padre: Mi nauza dawa za ng'ombe, mama. Hilo ni la kisheria, na linamtaka mtu aliyesikia kwa masikio yake. Wi-Fi ndiye alikuwepo mahakamani.

Wi-Fi: Mi niliingia kwa ajili ya feni, mama, kweli tena. Labda fundi. Ye huwa kimya, na wanaokaa kimya ndio wanajua.

Specioza alikuwa anamgeukia kila anayetajwa, anamwangalia usoni, anangoja, kisha anamgeukia mwingine. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeshazoea, na hilo ndilo lililonichoma. Zamu yangu ilipofika nikamwambia mimi ni fundi baiskeli. Nililisema kama kwamba alikuwa hajaziona baiskeli.

Akarudisha macho kwa Jaji, na mzee akaona hakuna tena wa kumpasia. Nilimwonea huruma. Alitafuta kitu cha kumpa yule mwanamke, na alichokipata ni kilekile anachokipata siku zote.

Jaji: Ndugu wakigombana, mwanangu, chukua jembe ukalime.

Specioza: Kulima nitalima, baba. Watoto hawali mamlaka. Nauliza siku mpunga ukiiva, atakayevuna nani?

Mashine ya kukoboa ilizimwa kwa wakati huohuo, kwa sababu zake. Matone ya kwanza ya siku hiyo yakagonga bati. Wi-Fi akawasha pikipiki, hana abiria wala safari, akaiacha inanguruma palepale. Padre akaanza kukusanya chupa zake za dawa ambazo hazikuwa zimetawanyika. Jaji akanyoosha kikombe kwa Mama Hilaria, kwa ule unyonge wa mtu anayeomba nafasi ya kufikiri.

Mama Hilaria: Kahawa imekwisha.

Birika alikuwa ameliinua na tuliona linavyomwelemea mkono. Hakuna aliyembishia.

Specioza alimalizia kahawa yake taratibu, akasuuza kikombe mwenyewe kwenye ndoo, akakirudisha kwa mikono miwili. Akatushukuru kwa muda wetu. Alivua ndala, akazishika mkononi, akashika njia ya bondeni katikati ya mvua, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyethubutu kumwita kumuuliza anakwenda kufanya nini.